Aleluya, ya Nani?

Usingizi wa mchana hauna adabu, haubishi hodi wala hauulizi mwenyeji ana shughuli gani, na ndivyo unavyomkuta Osmunda Kapinga jikoni kwake Luhangai, Jumamosi Kuu, jua likiwa limeshaegemea upande wa pili wa mlima, ungo wa maharage mapajani, mgongo kwenye gunia, mdomo bado unawapasha watu ambao hawapo. Nendeni mkaimbe wenyewe, anasema, akitupa kokoto nje ya mlango. Si mnajua kuwafunga watu midomo? Fungueni na nyimbo basi tuone. Anatupa nyingine. Huko juu kigangoni kengele imenyamaza tangu Alhamisi, kama ilivyo desturi ya siku hizi za kuelekea Pasaka, na badala yake wanagonga mbao mbili, ka-ka, ka-ka, mlio mkavu kama wa mtu anayetafuta kikohozi asikipate. Leo giza likishaingia watawasha moto nje ya kanisa, wataingiza mshumaa mkubwa, na neno ambalo halijatamkwa Kwaresima nzima litarudi: Aleluya. Na neno hili halirudi kwa kusukumwa tu mlangoni kama mbuzi. Linainuliwa, mara tatu, kila mara juu zaidi ya mara iliyopita, na hapa Luhangai mwenye kuliinua ni Osmunda, tangu kanisa likiwa la nyasi. Padri mwenyewe, ambaye Mungu alimpa kila kitu akasahau sikio la muziki, aliwahi kusema mbele ya watu: mimi nina daraja la upadri, Mama Osmunda ana koo. Osmunda ameliweka neno hilo moyoni kama watu wengine wanavyoweka cheti ukutani.

Lakini mwaka huu koo limegoma. Mumewe Melkiori alifariki katikati ya Kwaresima, akazikwa mvua ikinyesha, na jeneza lilipokuwa linashuka Osmunda alifungua mdomo alie kama wajane wengine, kikatoka kitu kingine. Ilitoka Aleluya, nzima, ya juu, ile ya mkesha. Haikufika mwisho. Kiganja kilimziba mdomo, kiganja chenye harufu ya udongo na vitunguu, cha Skolastika Ndunguru, wifi yake, dada wa marehemu, mwenyekiti wa kwaya. Wifi, Kwaresima! Maneno mawili tu, na waombolezaji wote wakaangalia viatu vyao kama vile vilikuwa vimeandikwa kitu. Tangu siku hiyo Osmunda hajakanyaga mazoezini. Sare ya kwaya aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, ili wajue kwamba si hasira, ni uamuzi. Leo asubuhi walimtuma Egno Hyera wa sauti ya nne aje kumbembeleza, akarudi na jibu: mwambie mwenyekiti wako neno alilonirudishia kooni atalitafuta. Mimi usiku wa leo ninaliimba hapa hapa jikoni na masufuria yangu, nayo yana adabu kuwapita ninyi, sufuria likilia huachwa lilie mpaka mwisho. Sasa maharage yanaanza kuwa mengi kuliko yalivyokuwa, meupe, mekundu, ya madoadoa, yanateleza kwenye vidole kama tasbihi isiyo na msalaba, na Osmunda anainuka kwenda kumwaga takataka, au anajiona akiinuka, anavuka kizingiti, na uwanja wake haupo.

Upo mlima. Mlima mmoja unaozaa mwingine, na yote imechimbwa ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba miteremkoni ili mvua isiondoke na udongo, ila haya hayana mahindi wala maharage, yana maji, na kila shimo ni kioo, na kila kioo kina anga lake. Njia inapita juu ya kingo kati ya shimo na shimo. Osmunda anaifuata. Inashuka, inapanda, inazunguka, inamleta mlangoni pa jikoni lake, anaingia kwa furaha, na ndani ya jikoni kuna mlima. Anatoka, njia ni ile ile lakini sasa inakwenda upande wa kushoto. Sawa, anasema, kama ni mchezo tucheze. Ukingoni mwa shimo ameketi mtu aliyevaa mabuti ya mvua, la kushoto lina kiraka cha mpira wa baiskeli, na mtu huyo hana uso. Si kwamba umeumia. Haupo tu, pamelainika kama sahani iliyooshwa. Osmunda ni mtu ambaye maisha yamemchapa akajifunza kwamba ukianza kwa kuogopa utamaliza kwa kuogopa, kwa hiyo anashika kiuno. Ndugu yangu, anasema, uso umeupeleka kwa fundi au kuna mtu umemwazima? Yule mtu anajibu, bila mdomo na bado anasikika: uso nitaupata nikiitwa. Haya, anasema Osmunda, basi wewe subiri kuitwa, mimi nionyeshe njia ya Luhangai, nimeacha maharage. Mtu anasema: kitendawili. Na mdomo wa Osmunda, mdomo uliolelewa kando ya moto wa bibi yake, unajibu kabla hajaupa ruhusa: tega.

Nilitoka kwetu na nguo moja, anasema asiye na uso. Nimepita nchi zote, kila nyumba imenilisha, na hakuna aliyenivua. Osmunda anafikiri huku akitembea, maana wamekwishaanza kutembea bila yeye kujua ni nani aliyeanza. Upepo, anasema. Upepo hauna nguo. Mafua. Mafua hayalishwi. Basi mkoloni. Mkoloni ndiye aliyekuwa anavua wengine, anasema mtu, na kama angekuwa na uso Osmunda angeapa kwamba ametabasamu. Umeshindwa, nipe mji. Na hiyo ni haki, ndiyo sheria ya vitendawili tangu zamani: anayeshindwa anatoa mji, mwenzake anautawala kwa maneno mawili matatu kisha anatoa jibu, na watoto wa Luhangai wamegawa miji yote ya dunia jioni baada ya jioni bila kumiliki hata banda la kuku. Osmunda anachagua upesi. Chukua Tunduru, anasema, niliwahi kulala huko siku moja, mbu wakanifanya karamu ya harusi. Mtu anasema: nimekwenda Tunduru, nimepokewa, nimekula, nimelala. Ndani ya shimo lililo karibu mji unawaka kichwa chini, mabati, soko, mtu anaendesha baiskeli angani, kisha unafumba kama jicho na maji yanabaki maji. Sasa jibu, anasema Osmunda. Jibu unalo mdomoni tangu ubatizwe. Hee! Hiyo siyo sheria, mji umekula! Jibu liko njiani, anasema mtu, angalia mashimoni.

Osmunda anaangalia. Kwenye shimo la kwanza kuna mji wa mawe meupe juu ya kilima, na watu wanapanda wakiwa na matari na vinanda vya nyuzi, wanapaza neno, na neno hilo linaanza kwa pumzi, ha, kama mtu anayepuliza makaa: ha-lelu-Ya. Hao ni Waebrania, anasema mtu, ndiko kwao. Njia inapinda, na kwenye shimo la pili wamekaa watu wenye kalamu wanaandika zaburi zile zile kwa Kiyunani, na herufi ya kubebea ile pumzi ya mbele hawana, wanaitafuta mezani, wanaitafuta chini ya meza, mwisho wanaiacha. Pumzi inadondoka njiani miguuni pa Osmunda. Anainama anaiokota. Ina joto, kama yai lililotoka sasa hivi. Hii ninaijua, anasema, hii ni ya wenzetu Walutheri, wao husema Haleluya, sisi Wakatoliki tunasema Aleluya, na miaka yote tumekuwa tukichekana. Kumbe sisi tulilipokea njia ya mzunguko, wao wakarudi kuokota! Anaifunga pumzi kwenye ncha ya kanga, awarudishie atakapokutana nao. Shimo la tatu wanaimba Kilatini chini ya dari iliyo juu sana, wanaivuta ile a ya mwisho mpaka inakuwa kamba ndefu isiyo na maneno, kwa sababu furaha imewazidi na silabi zimewaishia. Na shimo la nne Osmunda anacheka kwa sauti, maana anauona mlima wao wenyewe, na wazee wa ndevu waliovaa kanzu nyeusi wanaupanda wakihema na mabuti yao, na babu zake wameketi nao, wanabadilisha maneno kama watu wanaopima nguo: hili tuliiteje, hili tuliseme vipi. Baba Yetu linavaa Kiswahili. Mtakatifu linavaa Kiswahili. Wanafika kwenye lile moja, wanalishika upindo, wanaliacha. Mbona hawalivui? anauliza Osmunda. Kila anayelishika, anasema mtu, anakuta linaimba. Osmunda anapiga kofi la paja. Aleluya! Jibu lako ni Aleluya! Na Amina je, si naye hajavuliwa? Amina ni mdogo wake, walisafiri pamoja. Basi nimetegua, nirudishie mji wangu. Umechelewa, anasema asiye na uso, Tunduru nimeshaitawala. Na Osmunda, pamoja na kuibiwa mji mchana kweupe, anajikuta anatembea kifua mbele. Neno lililopita kwa wafalme na maaskofu likafika mpaka Luhangai na nguo yake ya kwao, na mlangoni likamkuta nani? Yeye. Koo lake. Wako watu wanajivunia ng'ombe.

Kitendawili, anasema mtu. Tega, nipo, anasema Osmunda, ambaye sasa anajiona mwenyeji. Nyumba yangu ina vyumba viwili, chumba cha mbele wamejaa watu hawana hesabu, chumba cha nyuma yuko mmoja. Hilo rahisi, anasema Osmunda: kanisa, waumini mbele na padri ndani ya sakristia. Umekaribia, lakini padri hutoka. Hospitali ya wilaya, foleni nje na daktari ndani. Daktari naye huwa hayupo. Osmunda anacheka mpaka anashika mbavu, anataja mzinga wa nyuki, anataja ofisi ya kijiji, anataja ngoma ya harusi na bwana harusi aliyejificha. Nipe mji, anasema mtu. Chukua Dar es Salaam, anasema Osmunda, sijawahi kufika, lakini ondoka na joto lake lote, na foleni zake, usiniachie kitu. Mji mkubwa unawaka ndani ya shimo, unafumba. Na ulipofumba njia inafika mahali ambapo mashimo yote yamesimama wima, kuta kwa kuta, mtaa kwa mtaa, mji mzima wa maji yaliyosimama, na katika kila ukuta yuko mtu, na kila mtu ni Osmunda. Wamevaa sare ya kwaya. Imepigwa pasi. Osmunda anawatazama nao wanamtazama, safu kwa safu, hakuna anayetafuna kitu mazoezini, hakuna aliyeacha mtoto akilia mgongoni, hakuna mwenyekiti. Hapa! anasema. Hapa ndipo nilipokuwa ninapatafuta! Maana Skola, mtu asimsifu kwa uongo kwa sababu ni wifi, tangu ujana wao huchelewa nusu pumzi kila mahali, kwaya nzima ikishafunga mdomo yeye ndio kwanza anafika na mizigo yake. Humu hakuna wa kuchelewa. Osmunda anasafisha koo, anajaza kifua, anainua: Aleluya.

Wote wanainua naye, sauti moja kama ukingo wa kisu, wanamaliza pamoja, wanafunga midomo pamoja. Na hakuna kitu. Osmunda anangoja kuitikiwa, nao wote wanangoja kuitikiwa. Anapandisha sauti, anainua mara ya pili. Wanapandisha, wanamaliza, wanangoja. Anainua mara ya tatu, juu kabisa, pale ambapo Padri hufumba macho, na neno linapanda linagonga maji linarudi kwake likiwa na harufu ya mdomo wake mwenyewe. Kimya kinachofuata ni kimya anachokijua. Ni cha kaburini. Umemwambia nani? anauliza asiye na uso. Sijamwambia mtu, anasema Osmunda, nimesifu. Hujasifu. Umeita. Nimeita nini? Mtu anakaa chini, anasawazisha buti lenye kiraka, kama mwalimu ambaye hana haraka. Ukitaka mtoto mmoja aje unamwambiaje? Njoo. Wakiwa wengi? Njooni. Mmoja akae? Kaa. Wengi? Kaeni. Ukitaka mmoja asifu? Sifu. Na wakiwa wengi? Osmunda anafungua mdomo kujibu na anahisi kile kijineno kidogo cha mkiani, ni, kikimpita ulimini kama samaki mdogo. Sifuni, anasema taratibu. Hiyo sasa, anasema mtu, ndiyo halelu. Wenyeji wake hawamwambii mtu aliye peke yake. Osmunda anageuka kuwaangalia wale Osmunda wote, wazuri, waliopigwa pasi, wenye noti safi, na anawaona kama walivyo, mtu mmoja aliyemwagwa mara nyingi. Kwa hiyo miaka yote, anasema, kila nilipoliinua nilikuwa ninatoa amri? Ulikuwa unabisha hodi kwenye vifua vya watu, anasema mtu. Nao walikuwa wanakufungulia.

Osmunda anakaa naye ukingoni. Anapotaka kutania, utani haupo mahali pake. Anamwambia, kwa sababu asiye na uso ni rahisi kuambiwa, habari za Melkiori, ambaye hakuwahi kuimba noti moja ikasimama, lakini Osmunda alipokuwa akifanya mazoezi shambani na kupaza Aleluya, sauti ya mumewe ilitoka mibunini bila kukosa: alelu ya nani? Kama mtu anayeuliza kuku ni wa nani. Naye Osmunda alijibu: ya mama yako mkwe! Wakacheka, wakaendelea kuchuma kahawa, na kesho yake tena, na mwaka wa pili tena, mzaha usio na ladha kwa mtu mwingine yeyote. Basi siku ile kaburini, anasema Osmunda, sikusahau Kwaresima. Nani anasahau Kwaresima na njaa ile? Nilipaza nikingoja aniulize, ya nani. Niliita. Nikazibwa mdomo kabla sijajua kama angejibu. Maji yote ya mji yanatikisika kidogo kama maji ya ndoo lori likipita. Halafu asiye na uso anasema: kitendawili. Osmunda anasema kwa sauti ndogo: tega. Alelu, anasema mtu, na sauti yake sasa inatoka kama katikati ya majani. Alelu, ya nani?

Na kabla hajajibu, mtu ananyoosha mkono: nipe mji, na safari hii miji ya kuokota sipokei, nataka wako. Shimo lililo miguuni linawaka na Osmunda anaiona Luhangai, kanisa juu ya kilima, Egno anapanga kuni za moto mtakatifu vibaya kama anavyopanga kila mwaka, wanawake wanafagia, mtoto wa mtu amepanda juu ya benchi na viatu. Na ndani, mbele, peke yake, Skola amekaa na sare iliyokunjwa magotini. Anajaribu kuinua. Ale, anasema, sauti inapasuka. Anameza. Ale, tena. Anajifuta uso kwa kiganja, kiganja kile kile. Si ulisema huwataki, anasema asiye na uso. Wale wa kwenye vioo hawatakuudhi. Nipe, ni mji tu, nitaenda, nitapokewa, nitakula, utafumba, utabaki nao hawa. Osmunda anasimama. Anashika kiuno tena. Mji wangu siutoi, anasema. Hao watu unaowaona ni wasumbufu, wanakuja mazoezini na simu zinalia, Egno ana pua inayoimba kuliko mdomo, na huyo aliyekaa pale alinidhalilisha juu ya kaburi la mume wangu, na anachelewa nusu pumzi tangu tuko wasichana. Lakini nikisema sifuni, ninyi ninaowaambia ni hao. Sina ninyi wengine. Basi tegua, anasema mtu. Natega masikio, usinikimbize, anasema Osmunda, na anatafuta jibu pale ambapo limekuwa siku zote, mwishoni mwa neno, pale alipokuwa akilivuta na kulipamba bila kulitazama. Siyo ya, anasema. Mume wangu alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza mali, na mimi nikajibu kama mtu mwenye mali. Siyo ya mtu. Ni Yah. Ni Jina lenyewe, si ndiyo? Wenyewe hawakuthubutu kulitamka lote, wakachukua kipande cha mwanzo, kidogo, cha kutosha koo la binadamu. Neno ndilo ile nyumba yako ya vyumba viwili: mbele ninyi wote, nyuma Yeye peke yake. Msifuni, Yeye. Na wewe uko chumba gani? anauliza asiye na uso. Osmunda anainua kidevu. Mimi niko mlangoni, anasema. Mimi ndiye ninayewaita waingie, na hiyo kazi mniachie.

Ndipo maji yanapoanza kutofautiana. Osmunda wa kwanza ukutani anaota mvi, anakuwa mama anayefagia kanisa. Wa pili anapata pua ya Egno. Wa tatu kidevu kinashuka, wa nne anafinya jicho, wengine wanafupika, wanatoboka masikio, wanapata makovu ya surua, mtaa kwa mtaa, sura baada ya sura, hakuna mbili zinazofanana, mji mzima unasukumana na kukanyagana na kuomba radhi. Asiye na uso naye anasimama. Sasa niite, anasema. Osmunda analijua jina. Amelijua tangu kiraka. Anafungua mdomo, herufi ya kwanza imeshabana midomo yake, na mbao zinagonga, ka-ka, ka-ka.

Maharage yamemwagika sakafuni. Mlangoni, akiwa amezuia mwanga wote uliobaki, amesimama Skolastika Ndunguru. Wifi, anasema, unalala na maharage ya Pasaka mapajani kama kuku? Osmunda anajifuta mate. Kuku halali na maharage, wifi, anayala. Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mazishini, na hayakupangwa. Skola anaingia, anachuchumaa, anaanza kuokota maharage moja moja kuyarudisha kwenye ungo. Sikuja kukubembeleza, anasema, Egno amenieleza habari za masufuria yako. Nimejaribu mwenyewe, nikifika Ale ninakwama. Najua, anasema Osmunda. Unajuaje? Osmunda anamsogezea ungo. Skola anaokota. Wifi, siku ile, anasema akiyaambia maharage, mimi habari za Kwaresima nilizitamka tu, ndilo neno lililokuwa karibu. Kaka yangu yumo shimoni, wewe unainua sauti ile, ninaisikia inaniita nisifu. Mimi! Nisifu, pale! Na miguu ilikuwa inakubali, wifi. Ungeimaliza ningekuitikia, nikikuitikia ningekuwa nimekubali kwamba amekwenda. Nikaziba mdomo wako kwa sababu wangu usingezibika. Osmunda anaangalia kile kiganja kinavyookota. Kumbe alikuwa amesikia. Miongoni mwa watu wote waliosimama kwenye mvua ile, alikuwepo mtu mmoja aliyebishiwa hodi mpaka mlango ukatikisika. Anamshika mkono, maharage na yote, hawalii sana, kiasi tu cha watu wenye shughuli jioni. Kisha Osmunda anakumbuka kitu. Wifi, anasema, Tunduru bado ipo? Skola anamtazama. Tunduru ndiyo nini? Osmunda anautafuta utani kwenye uso ule, na uso upo wote, macho mekundu, kidoti cha kidevuni, lakini utani hauonekani, na haiwezekani kujua kama haupo au umejificha. Na Dar es Salaam? Wifi, anasema Skola akimtupia sare, vaa, watu wanangoja. Wanatoka. Osmunda anavuka kizingiti kwa kunyanyua mguu juu kuliko kawaida. Mabuti ya Melkiori, la kushoto na kiraka chake, yako pale pale ukutani yalikokaa tangu alipoyavua. Ncha ya kanga yake ina fundo, na hakumbuki kulifunga. Haligusi.

Kanisani mshumaa umeshaingia, na moto umepita kutoka mkono hadi mkono mpaka kila mtu anashika mwali wake, na gizani nyuso zinaelea bila shingo, baadhi zimegeuka, baadhi moto umezifuta zikalainika. Padri anampa ishara ya kichwa. Osmunda anapanda hatua ya mbele, na pale juu anapigwa na swali ambalo mtu mzima haulizi mbele za watu: niko wapi? Kwa sababu sare imepigwa pasi vizuri mno, na safu zimenyooka mno, na yawezekana kabisa bado yuko jikoni, au ukingoni mwa shimo, na hawa ni maji. Basi anajua la kufanya. Wakiitikia wote kwa pamoja, sawasawa, ukingo wa kisu, atakuwa amelala. Anajaza kifua. Aleluya, anaita. Ninyi. Yeye. Neno linaondoka na nguo yake ya kwao, linapita juu ya vichwa, na kuna kimya, na kimya kinarefuka, na Luhangai yote inasimama juu ya kimya hicho kama yai juu ya kijiko. Halafu inakuja. Aleluya, sauti za kwanza, za pili, Egno na pua yake, mabati yanatetemeka, inafika, inatua, inakwisha. Na nusu pumzi baada ya kwisha, kutoka kushoto, yenye kukwaruza, imechelewa na mizigo yake yote, Aleluya ya Skola. Osmunda hajawahi kusikia kitu kilichoimbwa vizuri namna hiyo. Anainua mara ya pili, juu zaidi. Wanaitikia. Skola anachelewa. Na nyuma ya Skola, chini yake, kutoka upande wa mlango, pale watu wanapoacha mabuti yenye matope, mtu mmoja anauliza, si kwa sauti kubwa, kama kutoka mibunini: ya nani? Osmunda hageuki. Kuna pua inayocheka kidogo, ni yake mwenyewe. Tunduru kama ipo atajua kesho. Ananyoosha mgongo, mrefu kuliko alivyo, anajaza kifua mpaka vifungo vya sare vinalalamika, na mlangoni pa nyumba ya vyumba viwili anawaita wote kwa mara ya tatu.